Barua Nne za Mihayo

Mtu mmoja alikuwa na mizinga arobaini ya nyuki, na nyuki wakaanza kuhama. Jina lake Mihayo. Jumatatu mzinga mmoja ulikutwa mtupu, Jumatano mitatu, na mtu huyu hakuwa na shamba wala ng'ombe wa kuegemea. Asali ndiyo iliyomlisha yeye na watoto wake.

Wafugaji nyuki wa wilaya ile walikuwa na orodha yao ya barua pepe. Uliandika barua moja kwa anwani moja, ikawafikia wote mia mbili. Sharti lilikuwa uandike kutoka anwani uliyojiandikishia. Barua iliyotoka kwingine haikutupwa. Ilisubiri mlangoni mpaka Nyamizi, mtunza orodha, aisome na kuiruhusu ipite. Hayo yalielezwa katika barua ya ukaribisho, ambayo Mihayo hakuisoma, kama sisi wengine tusivyozisoma. Naye alikuwa amesahau nywila ya anwani yake ya zamani, akafungua mpya, akaona yamekwisha.

Akaandika kwa adabu: "Ndugu zangu, nyuki wananihama. Mwenye ujuzi anisaidie." Kimya. Kesho yake akaituma tena, na keshokutwa yake tena, maana huenda hawakuiona. Nyamizi alikuwa kwenye matanga ya mama yake mkubwa, mbali na kompyuta, lakini Mihayo angejuaje?

Siku ya nne moyo ukamchacha. Akakumbuka jinsi yeye alivyomsaidia Lugembe, mwenzake wa orodha ile, kuokoa mizinga yake moto ulipopita msituni. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, alijiambia, na mimi sina hata mmoja. Inauma kuita watu unaowajua na kutoitikiwa. Basi akaandika barua ya nne. Alimtaja Lugembe kwa jina, akamwita mchoyo asiye na fadhila, na wote akawaombea asali yao iwakwame kooni. Akaituma haraka, asije akajirudi.

Siku ya tano simu yake ikalia. Alikuwa Nyamizi, sauti bado nzito kwa kilio. Alimweleza kwamba ndiyo kwanza anatoka msibani, akamweleza na habari ya anwani, kisha akasema: "Kaka Mihayo, barua zako zote nne ziko hapa mlangoni, hakuna aliyeziona ila mimi. Nipitishe zipi?"

Mihayo akakaa juu ya mzinga mtupu. Watu mia mbili aliokwisha kuwahukumu hawakuwa wamesikia hata neno lake moja. Aliona aibu, na katikati ya aibu ile akashukuru kwamba mlango ulikuwapo. Akampa Nyamizi pole ya msiba, akamwomba apitishe ile ya kwanza tu.

Nyamizi akaipitisha, na zile tatu akazifuta. Kabla ya adhuhuri yalifika majibu tisa. La kwanza kabisa lilikuwa la Lugembe: ukame umewanyima nyuki maji, weka mabeseni ya maji yenye vijiti vya nyuki kutua karibu na mizinga, nami naja kesho. Kesho yake akaja kweli, amefunga madumu mawili ya maji kwenye baiskeli. Mizinga thelathini na mmoja ilibaki na nyuki wake.

Nanyi mnaosema mliita na hamkuitikiwa, mna hakika mlisikika?