Bibi Pimbi na Mawe Matatu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa jiwe.

Jiwe la wapi?

La mlimani, la ziwani, la chini kwa chini.

Lete tulione!

Haya, kaeni vizuri. Wewe uliye nyuma, sogea, hadithi haiumi.

Hadithi hii nilipewa na bibi mzaa mama, Bi Milembe, Mungu amrehemu. Alikuwa akiisimulia huku anasaga ulezi, na jiwe lake la kusagia likimwitikia: hrrr, hrrr, hrrr. Siku hizi nafaka tunapeleka mashineni, na mashine ina kelele tu, haina hadithi. Nikifumba macho bado nausikia mlio wa jiwe lile. Basi nisikilizeni kama nilivyomsikiliza yeye.

Hapo zamani za kale, wanyama waliishi chini ya mlima mmoja mrefu. Nyasi zilikuwepo, maji yalikuwepo, na kando ya maji palikuwa na ardhi nyeupe ya chumvi. Kila jioni wanyama walikwenda pale kulamba. Mkubwa alilamba, mdogo alilamba, na waliogombana mchana walipatana pale pale, maana huwezi kugombana huku ulimi uko nje.

Siku moja mlima ukanguruma. Siku ya pili ukafuka moshi. Siku ya tatu ukapasuka! Mawe yaliyoyeyuka yakashuka kama uji wa moto unaofurika chunguni. Yakafunika nyasi, yakafunika maji, yakafunika na ile ardhi ya chumvi.

Wanyama wakakimbia. Wakatembea, wakatembea, wakatembea, mpaka wakafika mbuga moja pana yenye nyasi nzuri na mto. Wakasema, "Tutakaa hapa."

Wakakaa. Lakini mbuga ile haikuwa na chumvi.

Mwezi wa kwanza hawakuona kitu. Mwezi wa pili maziwa ya akina mama yakapungua. Mwezi wa tatu ndama wakaanza kulegea miguu. Pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, alikuwa na ndama wake mmoja tu, aliyezaliwa pale pale mbugani. Ndama yule akawa anajaribu kusimama, anaanguka. Anasimama, anaanguka. Mama yake akawa anamlamba mgongo na kulia.

"Kwetu kulikuwa na chumvi, mwanangu. Kwetu ilikuwa nyeupe, unailamba mpaka masikio yanasisimka. Ungekuwa kwetu, ungekuwa unaruka sasa."

Basi Tembo, aliyekuwa mkuu wa wanyama, akaita baraza.

"Jamani, watoto wanakwisha. Nani atatutafutia chumvi?"

Fisi akaruka mbele. "Mimi, mkuu! Nipe siku moja tu."

Kisha ikasikika sauti nyembamba juu ya jiwe. Alikuwa Bibi Pimbi, kizee mdogo wa manyoya ya kahawia, aliyezoea kuota jua juu ya mawe tangu asubuhi mpaka adhuhuri. "Mkuu, na mimi nitatafuta. Ila nitahitaji siku tatu. Nataka kuyauliza mawe."

Wanyama wakacheka mpaka wakashikana. "Kuyauliza mawe! Jua limemwingia kichwani!"

Bibi Pimbi hakujibu. Ninyi mngewajibu? Akili ni mali, lakini na kunyamaza nako ni akili.

Jioni ile Fisi akarudi na mzigo mgongoni. Akaumwaga chini. Yalikuwa mawe yenye magamba membamba, yanayong'aa kama kioo. Watu huyaita ulanga. Wanyama wakasema, "Aaah!"

"Hii ndiyo chumvi," akasema Fisi. "Imeganda kwa sababu ya baridi ya mlimani. Lazima iote jua siku tatu. Mtu akiilamba kabla ya siku tatu, inakufa."

"Unataka malipo gani?" akauliza Tembo.

Fisi akainamisha kichwa kwa adabu. "Mimi? Sitaki kitu, mkuu. Nawahurumia watoto tu. Siku ya tatu nileteeni wale ndama dhaifu pangoni kwangu, niwalambishe mwenyewe na kuwalea mpaka wapone."

Pofu moyo ukampasuka. Lakini yale mawe yalikuwa yanang'aa kweli, na shida haina macho. Tembo akasema, "Iwe hivyo."

Asubuhi yake Bibi Pimbi akaenda kwa Muhanga, mchimbaji wa mashimo. Akamkuta amelala.

"Mwanangu Muhanga, amka unisindikize."

"Shangazi, mchana ni wa kulala," akanung'unika Muhanga. "Mimi jua linanichoma masikio."

"Masikio yako marefu, yatavumilia. Miguu ya ndama haitavumilia."

Muhanga akajikung'uta vumbi. Akanyanyuka, wakaenda.

Siku ya kwanza wakafika kwenye jiwe jeusi, zito, lililojaa vitundu vidogo vidogo. Bibi Pimbi akapanda juu yake, akaimba. Niitikieni jamani:

Jiwe, jiwe, mzee wangu,
kwenu wapi, nani kakuzaa?
Watoto wanalia, chumvi hatuna,
nambie, jiwe, nambie!

Jiwe likafungua kinywa. "Nani anayeuliza kwetu? Siku nyingi sijaulizwa."

"Shikamoo, Jiwe."

"Marahaba, mjukuu. Mimi nimezaliwa na moto. Kwetu ni tumboni mwa mlima. Kule nilikuwa maji mekundu, nacheka na ndugu zangu, tunachemka pamoja. Kisha tukatapikwa nje, upepo ukanipiga, nikaganda. Vitundu hivi ni pumzi yangu ya mwisho iliyotoka nikiwa bado moto. Chumvi unayoitafuta hutaipata kwangu, mjukuu. Anayejua chumvi ni yule aliyezaliwa na maji."

"Ahsante, mzee," akasema Bibi Pimbi, na akakaa kidogo, maana aliona jiwe limefurahi kuwa na mtu.

Siku ya pili wakafika kwenye jiwe jeupe, gumu, lenye mishipa ya kijivu. Lilikuwa marumaru. Muhanga akasema, "Jeupe hili! Shangazi, tumefika!" Akalilamba. Akatema. "Halina ladha hata kidogo!"

Bibi Pimbi akapanda juu, akaimba:

Jiwe, jiwe, mzee wangu,
kwenu wapi, nani kakuzaa?
Watoto wanalia, chumvi hatuna,
nambie, jiwe, nambie!

Marumaru ikasema polepole, "Mimi nimezaliwa mara mbili, mjukuu. Mara ya kwanza nilikuwa makombe ya konokono wa majini, nikashikana nikawa jiwe la chokaa. Nilikuwa laini, kucha yako ingenikwangua bila shida. Kisha ardhi ikanimeza. Milima ikanikalia, joto likanioka, nikabanwa miaka isiyohesabika. Nilipotoka, sikuwa mimi tena. Namkumbuka konokono mmoja mmoja, lakini kila nikijitazama simwoni hata mmoja."

Bibi Pimbi akalipapasa jiwe lile. Naye alikuwa ameacha nyumba chini ya mlima, na waliobaki ndani ya nyumba ile hakutaka kuwataja.

"Nenda mbele," likasema jiwe. "Utamkuta aliyezaliwa na maji. Yeye hajaenda mbali na kwao. Ziwa ndilo lililomkimbia."

Siku ya tatu, asubuhi na mapema, wakafika kwenye korongo kavu. Ukutani mwake palikuwa na jiwe lenye matabaka, moja juu ya jingine, kama chapati zilizopangwa sahanini. Bibi Pimbi akasogeza pua. Ndani ya tabaka moja alikuwamo samaki! Miiba yake yote ilionekana, na mkia, na jicho.

"Samaki huku kwenye vumbi?" akashangaa Muhanga. "Kafikaje?"

"Hakufika," akasema Bibi Pimbi. "Alikuwa kwao."

Akaimba kwa mara ya tatu. Mmechoka? Basi tuimbe:

Jiwe, jiwe, mzee wangu,
kwenu wapi, nani kakuzaa?
Watoto wanalia, chumvi hatuna,
nambie, jiwe, nambie!

Jiwe la matabaka likajibu kwa sauti ya kuvujavuja. "Mimi nimezaliwa na maji. Hapa unapokanyaga palikuwa ziwa. Kila masika mito ilileta tope na mchanga, ukatulia chini, tabaka likawa moja. Masika mengine, tabaka jingine. Kisha mvua zikakatika. Ziwa likapungua, likapungua, likapungua, mpaka likaniaga. Maji yalipanda juu kwa jua, lakini chumvi haijui kupanda. Ikabaki. Nimeifunika kwa udongo wa mfinyanzi ili mvua isije ikaiyeyusha na kuipeleka mbali. Chimbeni chini ya mguu wangu."

Muhanga hakungoja kuambiwa mara ya pili. Akachimba, vumbi likaruka, masikio yake akayasahau. Akapita mchanga. Akapita udongo mzito. Mara kucha zake zikagonga kitu: kwaa! Kilikuwa cheupe. Akalamba. Akafumba macho.

"Shangazi," akasema, akalamba tena. "Shangazi, ni yenyewe."

Wakabeba bonge moja, wakakimbia njia nzima.

Huku mbugani siku ya tatu ilikuwa imefika. Ndama dhaifu walikuwa wamepangwa mstari kwenda pangoni kwa Fisi. Ndama wa Pofu alikuwa wa kwanza, anaburuta miguu. Fisi alikuwa mlangoni, mate yanamtoka.

"Simameni!" Bibi Pimbi akapiga kelele kadiri ya kifua chake kidogo. "Mkuu, tuyajaribu mawe kwanza!"

"Mawe yanajaribiwa?" akauliza Tembo.

"Kila jiwe lina tabia yake. Leta la Fisi, na hili langu hapa."

Bibi Pimbi akakwangua jiwe la Fisi kwa kucha. Likatoka magamba, moja juu ya moja, kama maganda ya kitunguu. Akakwangua la kwake. Likatoka unga mweupe.

"Hiyo si kitu!" akasema Fisi.

Bibi Pimbi akatumbukiza jiwe la Fisi kwenye kidimbwi cha maji. Wakangoja. Jiwe likabaki vile vile, linang'aa tu. Akaenda kwenye kidimbwi kingine, akatumbukiza kipande cha la kwake. Kikapungua, kikapungua, kikatoweka.

"Imepotea! Mnaona?" akasema Fisi. "Jiwe lake limepotea!"

"Halijapotea," akasema Bibi Pimbi. "Mkuu, onja maji."

Tembo akaingiza mkonga kwenye maji ya kwanza, akaonja. Maji matupu. Akaingiza kwenye maji ya pili, akaonja. Masikio yake makubwa yakasimama.

"Chumvi," akasema. Kisha akageuka taratibu. "Fisi. Wale ndama ulitaka kuwalambisha nini?"

Fisi akatazama kushoto, kuna Nyati. Akatazama kulia, kuna Nyati mwingine. Akaanza kucheka. "Hi hi hi! Nilikuwa natania tu, jamani! Hi hi hi!" Mkonga wa Tembo ukampata kiunoni, akaruka hatua kumi, akakimbia anachechemea huku bado anacheka. Mpaka leo fisi hucheka, lakini msikilizeni vizuri: hakuna furaha ndani yake.

Basi wanyama wote wakafunga safari mpaka korongoni. Ndama wasioweza kutembea wakasukumwa kwa pua, wengine Tembo akawabeba. Wakalamba. Mkubwa alilamba, mdogo alilamba. Wakakaa kule siku nyingi, na siku moja asubuhi ndama wa Pofu akasimama. Wakangoja aanguke. Hakuanguka. Akapiga hatua, akapiga nyingine, kisha akaruka juu kwa miguu yote minne bila sababu yoyote.

Mama yake akacheka, halafu akaanza kulia. Bibi Pimbi akamsogelea.

"Unalia nini, mwanangu, na mtoto kapona?"

"Nimelamba, bibi. Ni chumvi nzuri. Lakini si kama ya kwetu."

"Si kama ya kwetu," akakubali Bibi Pimbi. "Na mimi nimeonja. Ya kwetu ilikuwa na moshi kidogo."

"Ulikuwa unausikia na wewe?"

"Kila siku."

Wakamtazama ndama, wote wawili. Alikuwa amerudi kulamba, ulimi nje, macho yamefumba, masikio yanamsisimka.

"Mtazame," akasema Bibi Pimbi. "Siku moja atazeeka, atakuwa mbali na hapa, na atawaambia watoto wake: kwetu kulikuwa na korongo, na chumvi yake haikuwa na mfano."

Wajukuu zangu, hadithi inatufundisha hivi: usikipokee kitu kwa sababu kinang'aa. Uliza kimetoka wapi, halafu kijaribu. Na anayekaa chini akamsikiliza mkubwa wake, hata awe jiwe lililotupwa njiani, hakosi kuambiwa pa kuchimba.

Hadithi nimeitua hapa. Mkiiona tamu, ibebeni mwende nayo. Mkikuta changarawe ndani yake, pepeteni, changarawe mniachie mwenyewe.