Mfua Shaba Aliyekimbilia Mswala

Yamepokewa kutoka kwa waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa milimani huko Yemen aliishi mfua shaba aliyeitwa Ukasha, mtu wa swala na mwenye kazi safi, pamoja na mkewe Atika. Walikuwa wameoana ukubwani, baada ya kila mmoja kukata tamaa ya kupata mwenzake, na kwa hiyo walipendana kama watu waliookota johari njiani. Mchana Ukasha hakuwa na la kumlalamikia mkewe. Usiku ndio uliomshinda, kwa sababu Atika alikuwa akikoroma.

Sauti ilianza kwa pumzi nyembamba, ikapanda, ikakatika ghafla. Ukasha gizani alijikuta anaisubiri irudi, na iliporudi ilikuja kwa kishindo, moyo wake ukaruka. Alijifunika mto. Alijaza pamba masikioni. Alivuta tasbihi mpaka vidole vikafa ganzi. Asubuhi, karakanani, nyundo ikamwangukia kidole gumba. La ajabu ni kwamba kelele za shaba hazikumsumbua hata kidogo. Zilizomsumbua ni pumzi za mtu mmoja tu. Akawa mkali. Akiitwa kula aliitika kwa mkato. Atika akimwekea mkono begani aliuondoa, kisha akajuta, wala hakusema kwa nini. Siku moja alikusudia kumwambia, akamkuta anachana nywele huku akimtabasamia, akaghairi.

Basi jioni moja akachukua mswala wake.

"Mke wangu," akasema, "nafsi yangu inatamani kusimama usiku. Nitakuwa chumba cha juu nikiswali tahajudi, nisije nikakusumbua kwa taa."

Macho ya Atika yakalengwalengwa na machozi ya furaha. "Mola akutakabalie, bwana wangu. Mimi ni nani hata nikuzuie?"

Ukasha akapanda. Aliswali rakaa mbili, ili asiwe mwongo moja kwa moja, kisha akajinyoosha juu ya mswala akalala usingizi ambao hakuwa ameuonja tangu harusi. Usiku uliofuata aliziswali zile rakaa kwa haraka. Baadaye akaziacha.

Atika hakuweza kuificha neema hiyo. Aliisema kisimani, na kutoka kisimani ikafika msikitini. Watu wakaanza kumpisha Ukasha njiani. Mteja mmoja, aliyezoea kubishania bei mpaka sauti ikamkauka, alilipa bila neno na kumbusu mkono. Mama mmoja akamletea mtoto mwenye homa ampulizie, naye Ukasha akampulizia mtoto yule hali mdomo umemkauka kwa hofu. Tangu siku hiyo hata kule juu usingizi ukawa wa mang'amung'amu.

Na zaidi ya hayo, alimtamani mkewe. Jioni moja Atika alikuwa amefukiza udi, na harufu ikapanda ngazi mpaka alipo. Ukasha akashuka. Atika alimshika mkono, akaushikilia kidogo, kisha akauachia.

"Rudi, bwana wangu. Hii ni saa yako na Mola wako. Sitaki kuulizwa Siku ya Kiyama kwa nini nilikukatiza."

"Usiku huu nitapumzika."

"Shetani huanza hivyo hivyo," akasema Atika, akamfungulia mlango.

Udi haukufukizwa tena. Atika akawa ananyata nyumbani mwake mwenyewe, akinong'ona kama mgeni, naye mumewe akazunguka juu na chini asijue pa kukaa. Hatimaye mke akasema lililokuwa moyoni mwake.

"Bwana wangu, ungelikuwa na mke mwenzangu ningejua la kufanya. Ningegombana naye, au ningejipamba kumshinda. Lakini nishindane vipi na Mola? Naona mimi ni mzigo unaokuvuta duniani. Nimekusamehe haki yangu. Kaka yangu anakuja kunichukua."

"Basi nitaiacha tahajudi!"

"Uiache ibada kwa ajili yangu? Audhubillahi! Dhambi hiyo nitaipeleka wapi?"

Ukasha akaona kwamba milango yote ameifunga kwa mkono wake. Ulibaki mmoja, wa kusema kweli, na nyuma yake zilikuwako aibu mbili, yake na ya mkewe.

Muthana, kaka yake Atika, alifika asubuhi na punda. Habari ilipomfikia Ukasha karakanani, aliiacha shaba motoni akakimbia, na akakuta mizigo imekwisha kufungwa.

"Shusha, shemeji," akasema akihema.

"Amependa mwenyewe kuondoka, tena kwa heri," akajibu Muthana. "Nami nakuomba dua, walii wetu."

"Mimi si walii. Mimi nalala."

"Unalala?"

"Huko juu siswali, nalala. Atika, wewe unakoroma. Sikuwa na ujasiri wa kukwambia. Nilitaka usingizi, nikamsingizia Mola."

Muthana akaangua kicheko mpaka akaikumbatia shingo ya punda. "Ndilo hilo? Shemeji, huyu tangu mtoto! Marehemu mama alimlaza na mbuzi, na mbuzi wakakonda!"

"Nyamaza, Muthana," akasema Atika. Yeye hakucheka. Alimtazama mumewe. "Kutwa unagonga masufuria, mtaa mzima hausikilizani, na pua yangu ndiyo iliyokushinda?"

"Ndiyo."

"Ungeniambia mapema ningenuna, kisha yangekwisha. Wewe umeniacha msimu mzima nikiamini kwamba Mola hanitaki karibu na mja wake." Akajifunika uso kwa ushungi, mabega yakitetemeka.

Ukasha hakujitetea. Aliketi chini kwenye vumbi, mbele ya punda, akasema, "Nisamehe."

Sauti ikatoka ndani ya ushungi. "Nikiguswa bega usingizini hugeuka, nikaacha kukoroma."

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Muthana akaanza kushusha mizigo bila kuambiwa.

Siku ya Ijumaa Ukasha aliwakabili watu msikitini. "Msiniombe dua. Mimi usiku hulala kama nyinyi." Wakatazamana kwa mshangao. "Subhanallah," wakasema, "oneni unyenyekevu wake!" Wakazidi kumbusu mikono. Akarudi nyumbani amehangaika kuliko alivyotoka, kwa sababu lililobaki kusemwa lilikuwa siri ya mkewe, na hakuona kwamba ana ruhusa ya kuitoa.

Atika alimsikiliza. Akatwaa mtungi wake, akaenda kisimani.

"Wanawake wenzangu," akasema, "nilikosea. Mume wangu hasimami usiku. Alikuwa akinikimbia mimi. Nakoroma kama jiwe la kusagia."

Walicheka mpaka wakamwaga maji, na watoto wakawa wanamfuata njiani wakiigiza sauti ya kusaga. Yule mteja akarudi kubishania bei. Na Ukasha akarudi kulala ubavuni mwa mkewe, mkono karibu na bega lake. Zilikuwako nyakati bega halikufaa kitu. Hapo alipanda juu, bila mswala, na wote wawili walijua anakwenda kulala.

Ndugu zangu, wengi wakikisimulia kisa hiki humsifu Ukasha kwa kusema kweli. Lakini kweli yake ilimrudishia mke. Kweli ya Atika ilimpotezea heshima ambayo hakuna aliyekuwa akimtaka aitoe, na kwa ajili hiyo namhesabu yeye miongoni mwa waja wema. Nawe uliye na mwenza, la kumwambia mwambie mapema, na umwambie kwa upole. Kisha ulale karibu naye, maadamu yupo.