Nani Aliizima Video ya Mwajabu

Sogeeni, na simu zenu ziwekeni chini, maana leo nazisema zenyewe.

Palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Bwana Kitundu, ofisa habari wa wilaya, alijua kuomba bila kuamuru. Nasra, wa kampuni ya mtandao, alijua kutii bila kuamriwa. Na Mbwana, fundi cherehani, alijua kubonyeza simu bila kuuliza.

Mwajabu, muuza vitumbua, alikuwa na macho tu. Aliona maji ya bomba la mtaa yanatoka na uchafu wa choo. Akayarekodi, akaonya mtandaoni watu wachemshe. Kufika adhuhuri video haipo. Dada yake, Tatu, mke wa huyo Mbwana, hakuwahi kuiona. Mtoto wao akayanywa maji hayo, na sasa yuko wodini siku ya tatu kwa kipindupindu, hajafumbua macho.

Mwajabu alishuku mkono wa serikali, tena alishuku kwa hasira. Akaenda kwa Kitundu. Yule bwana, chai mkononi, akamwonyesha barua yake kwa kampuni: kwa heshima na taadhima, tunaomba muitazame video hii.

"Umeliona neno futa hapo?"

Hakuliona. Lakini aliona tarehe: ni wiki ileile ilipotangazwa kwamba kampuni imeomba leseni mpya serikalini. Hee, bahati iliyoje!

Akampigia Nasra. Naye akasema hakulazimishwa na mtu. Kwa barua peke yake asingeificha video, na malalamiko ya watumiaji peke yake asingeyasoma. Vilipokuja vyote viwili, kanuni ikamruhusu kuificha ikisubiri uchunguzi. Mwajabu akauliza uchunguzi umefika wapi. Nasra akasema hilo aulizwe bosi.

Na walalamikaji? Mmoja wao ni shemeji Mbwana, baba wa mtoto, aliyekiri mwenyewe. Kwenye kundi la mtaa walitumiwa ujumbe kwamba kuna video inachafua jina la mtaa, kila mzalendo airipoti. Wenzake walibonyeza, naye akabonyeza. Hakuifungua.

"Shemeji, mimi sikujua ni yako," alisema, akilia.

Sasa Mwajabu ameketi wodini na fomu ya malalamiko ya baraza la kata. Nafasi ya mlalamikiwa ni mstari mmoja, na fomu yenye majina mawili hurudishwa. Tatu yuko pembeni, ameshika mkono wa mwanawe, anaitazama kalamu.

Je, wewe ungeandika jina la nani?