Fisi Kwenye Matanga ya Nyota

"Mpo?"

"Tupo!"

"Mmechoka?"

"Tumechoka!"

"Nami nimechoka. Basi twende polepole."

Hapo kale mbingu ilikuwa karibu, ukiifikia kwa kupanda kilima. Siku moja Nyota mmoja mkubwa akafa, Mungu amrehemu. Alipasuka, puu! Mabaki yake yakaanza kukimbia pande zote. Uani kwake gesi ilikuwa imejaa, nzito, imekaa kimya kama watu wa matanga.

Mabaki ya nyota yakijigonga kwenye gesi nzito, vyote viwili huwaka kwa joto kali na kutoa eksirei, ule mwanga unaopenya nyama na kuonyesha mifupa. Jicho la mtu haliuoni. Jicho la Fisi, enzi zile, liliuona.

Fisi akapanda kilima, mate yanamtoka. Akamkuta Digidigi.

"Leo nitaona mifupa yote iliyo vichakani," akasema. "Hata ya mwanao uliyemficha."

Moyo wa Digidigi ukaruka. Mwanawe alikuwa amelala nyuma ya majani tu. Akashusha pumzi.

"Haya, Bwana Fisi. Lakini gesi yote ile uani inangoja nini?"

"Niambie wewe."

"Si inangoja mwanga? Mtagawana. Uliona wapi msiba uliojaa watu, nyama ikabaki?"

"Haibaki!" Manyoya yakamsimama Fisi, akaifokea gesi. "Ondokeni hapa!"

Akaivuta gesi, fyuu! Akaitema mbali. Akavuta, fyuu! Akaitema mbali. Tumbo likamuuma, akavuta tena, fyuu!

"Bado kidogo pale pembeni," Digidigi akamwambia kwa upole. "Usimwachie mtu."

Fyuu! Uani pakawa peupe.

Mabaki yakaja mbio. Hayakukuta wa kugongana naye. Yakapita, shiii, yamefifia, kama jeneza linalopita njia isiyo na watu. Fisi akakodoa macho. Hakuona mfupa hata mmoja.

Kisha mbali kule, alikoitema gesi, pakawaka mwanga mkali ajabu.

"Ule wangu!" akalia, akaanza kuukimbilia. Umbali wa mbinguni huo, ndugu zangu! Mpaka leo anakimbia, na kilio chake mnakisikia.

Digidigi akamwamsha mwanawe, akamnyonyesha.

Ngano yangu naitua hapa. Mwenye nguvu aibebe. Na fundisho lake ni hili: mkifiwa, wafukuzeni majirani uani, mpate nafasi. Fisi alipata nafasi tele.