Sange na Kibali cha Mama Mkwe

Hadithi iko mlangoni!
— Ifungulie!
Ina kibali?
— Haina!
Na ofisa yuko wapi?
— Amelala fofofo!
Basi iingie upesi, ikae hapa katikati yetu.

Hapo kale palikuwa na mto, na mto ulikuwa na ng'ambo mbili. Ng'ambo hii aliishi Sange. Mnamjua Sange? Kale kanyama kadogo kama panya, kenye pua ndefu isiyotulia. Ng'ambo ile, kwenye majabali, waliishi kina Pimbi, watu wa kuota jua. Siku moja Sange alivuka kutafuta kumbikumbi, akamwona Binti Pimbi juu ya jabali, akasahau kumbikumbi. Wakapendana, wakaoana, akaja naye nyumbani.

Msidhani ilikuwa kuvuka tu, hivi hivi! Pale mwisho wa mawe ya kuvukia alilala Kiboko. Nani alimpa kazi ile? Hajulikani. Alikuja akalala, akasema yeye ndiye ofisi, na kwa tumbo lile nani angembishia? Mgeni akivuka, Kiboko alimpa jani la mgomba lenye alama ya mguu wake, vidole vinne. Jani likikauka, mgeni arudi kwao. Anayetaka kukaa moja kwa moja alihitaji donge la udongo mbichi lililokanyagwa na mguu ule ule, kisha likaanikwa juani mpaka likawa gumu.

"Palipo na mguu wangu," alisema Kiboko, "hapana maneno."

Na ukifika mbele yake mikono mitupu, hakuoni. Alitaka boga.

Binti Pimbi alikuwa na jani. Kila asubuhi Sange alilinyunyizia maji lisikauke, akilipangusa vumbi kwa pua, taratibu, kama anamwogesha mtoto. Lakini jani ni jani. Kingo zikaanza kunyauka. Naye Binti Pimbi alikuwa mjamzito, tumbo limekua, na mawingu ya masika yameanza kukusanyika. Masika yakiingia mto hujaa, na aliye ng'ambo ile hubaki ng'ambo ile.

"Mume wangu, naogopa," akasema Binti Pimbi. "Nikirudishwa, mtoto atazaliwa wewe hupo. Nikibaki, nitajifungua mama yangu hayupo. Na yeye kule yuko peke yake, macho yenyewe siku hizi hayaoni vizuri. Namtaka mama."

Sange akamshika mkono. "Utakuwa na mama, na utakuwa na mimi. Naenda kwa Kiboko kuomba madonge mawili, lako na lake."

Akalisukuma boga kwa pua, biringi, biringi, biringi, mpaka mtoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Boga liko wapi?"

Kiboko akafumbua kinywa, aaaah! Boga likaingia, gubu!

"Ombi zuri, boga zuri," akasema Kiboko. "Lakini sioni shahidi. Rudi kesho."

Kesho yake Sange akaja na jirani yake Kobe. Biringi, biringi, biringi. Aaaah! Gubu!

"Ombi zuri, boga zuri, shahidi mzuri. Lakini leo maji yametibuka, muhuri haufanyi kazi. Rudi kesho."

Kesho yake tena. Biringi, biringi, biringi. Aaaah! Gubu!

"Ombi zuri, boga zuri, shahidi mzuri, maji yametulia. Lakini nitajuaje kama ndoa hii ni ya kweli? Mlete mama mkwe wako. Nitakuhoji akiwepo."

Eh! Mnaona mambo hayo?

Mama Pimbi akaitwa. Akaja akipapasa jiwe kwa jiwe, akasimamishwa kwenye jiwe la mwisho, mguu mmoja tu kutoka ukingoni kwetu. Alipomsikia mkwewe, akageuka akampa mgongo, akajitanda kanga mpaka usoni. Sange naye akainamisha kichwa, akatazama vidole vyake. Ndiyo adabu ya watu wale. Mkwe hatazamwi usoni, jina lake halitajwi, na chakula huli mbele yake hata kama una njaa ya kufa.

Kiboko akakohoa. "Haya. Mama mkwe wako anaitwa nani?"

Sange akazidi kuinamisha kichwa.

"Macho yake yakoje?"

"Sijui, mzee."

"Ana kovu usoni? Hana?"

"Sijamtazama, mzee. Nitamtazamaje?"

"Ha!" Kiboko akapiga maji kwa makalio, pwaa! "Humjui jina, humjui macho, humjui uso! Ndoa ya uongo hii! Bibi arudi kwao leo, na jani la mkeo likikauka naye arudi!"

Sange akalia, machozi yakateremka na pua ile ndefu, tii, tii, tii. Angeweza kulitaja lile jina. Alilijua. Neno moja tu, na donge angepewa. Hakulitaja. Na mimi nawaambieni, nampenda Sange kwa hilo. Kule kwenye jiwe, Mama Pimbi alikuwa ameuma upindo wa kanga yake, mabega yanatikisika.

Nyumbani Sange akaeleza yote. Binti Pimbi akamfuta pua, akawaza, akawaza, kisha akauliza, "Kiboko ana mke?"

"Anaye."

"Mwenye mke ana mkwe."

Sange akamtazama mkewe. Pua ikaanza kucheza.

Akakimbia mpaka kidimbwi cha juu, alikokaa mama mkwe wa Kiboko, bibi mmoja mnene, mwenye sauti ya kuamsha kijiji.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kukupa hongera. Mkweo amekuwa mtu mkubwa. Analetewa maboga kila siku."

"Maboga? Mkwe wangu? Na mimi hapa natafuna nyasi?"

"Labda anakuwekea, bibi. Labda anaona aibu kuyaleta."

"Basi nitayafuata mwenyewe, nimpunguzie aibu!"

Binti Pimbi naye hakukaa. Alifinyanga madonge ya udongo. Moja lake, moja la mama yake, na la tatu dogo.

"Hilo la nani?" akauliza Sange.

"La huyu wa tumboni. Sitaki azaliwe kisha apange foleni."

Asubuhi wakarudi mtoni. Mama Pimbi naye amerudi palepale jiwe la mwisho, mgongo ameupa ukingo. Sange akasukuma boga kubwa kuliko yote, biringi, biringi, biringi, akaliweka mbali na maji, pale Kiboko alipolundika maboga ya watu. Kiboko akapanda ukingoni, akihema. Nyuma yake Binti Pimbi akayapanga madonge njiani, moja, moja, moja, mpaka ukingoni mwa maji.

"Ombi zuri," akaanza Kiboko. Aaaah! Boga likaingia, gu... Lilikuwa kubwa mno. Likakwama, shavu huku limetuna, shavu kule limetuna.

Mara matete yakasema chaka, chaka, chaka!

"Jamaniii! Mwambieni mkwe wangu napitaaa! Asije akanikuta, wala nisije nikamkuta! Na hayo maboga yako wapiii?"

Kiboko akakodoa macho. Mama mkwe! Na yeye boga mdomoni!

"Mmf! Mmmf!"

Angemeza, halimezeki. Angetema, atasikika. Akageuka akatimua mbio kuelekea majini bila kuangalia anapokanyaga. Pwata! donge la kwanza. Pwata! donge la pili. Pwata! lile dogo. Chubwiii! Akazama, likabaki povu.

"Mama," akaita Binti Pimbi, "njoo. Njia iko wazi."

Akampa mama yake mkono, na Mama Pimbi akainua mguu, akaukanyaga ukingo wetu. Sange alikuwa ameshageukia kichakani ili mkwewe apite kwa heshima.

Baadaye yakatoka majini masikio mawili, na matundu mawili ya pua.

"Ameondoka?" akanong'ona Kiboko.

"Bado, mzee. Anakula maboga yako. Anasema atakaa kidogo. Mzee, vibali vyetu hivi vina mguu wako. Kuna maneno?"

"Hapana maneno! Ondokeni, msitaje jina langu!"

Akazama tena, chubwi. Mpaka leo mkimwona Kiboko ametoa masikio na pua tu, mjue anasikiliza kama mkwe ameshaondoka.

Masika yakaingia siku Binti Pimbi aliposhikwa na uchungu. Mto ukajaa, ukanguruma, nao wote walikuwa ng'ambo moja. Mama Pimbi akampokea mjukuu kwa mikono yake, maana kazi ile haihitaji macho. Sange alikuwa nje barazani, analoana, hathubutu kuingia. Akasikia mkwewe akisema na mtoto kwa sauti, ya kumfikia aliye nje.

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako aingie, atapata homa. Mwambie mimi nimegeukia ukuta. Na mwambie kwamba binti yangu ameolewa na mtu."

Sange akaingia. Wakakaa hivyo, huyu anatazama ukuta, yule anatazama sakafu, na Binti Pimbi katikati na mtoto kifuani, anacheka na kulia pamoja.

Na funzo lake ni hili, watoto wangu: fuateni utaratibu. Ofisini mkiambiwa mrudi kesho, rudini kesho, na kesho kutwa, na boga mbebe. Msifanye ujanja kama wa Sange. Mwangalieni yeye, kwa ujanja wake amefungwa nyumba moja na mkewe, na mwanawe, na mama mkwe wake, mpaka uzee. Mmeiona adhabu hiyo?

Hadithi nimeifikisha. Aliyeipenda aende nayo kwao, asiyeipenda aniachie, nitailaza kwangu.