Fundo la Nakijwa

Sogeeni hapa karibu. Na nyie mliowaacha mbuzi bila kuwafunga jana, halafu mkaniambia "tumesahau, bibi", kaeni mbele kabisa niwaone macho. Hadithi hii ni yenu.

Zamani, kabla hata bibi wa bibi yangu hajazaliwa, watu wa milima hii walikuwa hawasahau. Hawasahau chochote! Ukimwagiza mtu chumvi leo, akakuletea baada ya mavuno mawili, basi ujue hakutaka kuileta mapema. Jambo lisipofanyika, kuna mtu aliyeamua lisifanyike, na akiulizwa alisema kweli. Kosa lilikuwa moja tu, kupuuza, na adhabu yake ilikuwa kufukuzwa mlimani.

Nakijwa alikuwa mwanamke hodari wa jembe, mkarimu, ila mwenye kinyongo. Wiki moja zamu ya kulinda ndiva ilikuwa yake. Ndiva ni lile bwawa la mawe na udongo linalokinga maji ya mfereji. Jioni huzibwa kwa gogo, asubuhi huzibuliwa maji yateremke mashambani. Na wingu likitanda kileleni, saa yoyote ile, mwenye zamu hukimbia kuchomoa gogo, maana ndiva ikijaa kupita kiasi kingo hupasuka. Chini yake kabisa palikuwa na nyumba ya wifi yake, Nangasu.

Siku mbili kabla ya zamu hiyo kuanza, Nangasu alimsema Nakijwa mbele ya wanawake wote kwamba anafungulia maji kwenye zamu za wenzake. Kwetu huku, kuliko kuitwa mwizi wa maji, heri upigwe. Nakijwa aliondoka na neno hilo moyoni.

Jioni moja, ndiva ikiwa imeshazibwa, wingu likatanda, jeusi tii. Nakijwa alikuwa barazani anapukuchua mahindi. Aliliona. Gogo likamjia akilini waziwazi, mpaka mahali alipozoea kulishika. Akasema moyoni, acha shamba la Nangasu lilowe kidogo, apate adabu. Akaendelea kupukuchua. Mvua ikaanza. Akamaliza bunzi la pili, la tatu. Moyo ulimwambia inuka, inuka wewe mwanamke, naye hakuinuka.

Ndipo alipomwita binti yake aje aanue kuni. Akaita tena. Jirani akapaza sauti kutoka migombani, "Si yuko kwa shangazi yake! Nimemwona anateremka."

Lo! Nakijwa alitupa mahindi akatoka mbio. Alikuwa bado mteremkoni, anaanguka, anainuka, anaanguka tena, aliposikia mlima unanguruma. Ndiva imepasuka. Maji yaliondoka na nyumba ya Nangasu, mbuzi wake wawili na shamba zima la mahindi. Nangasu mwenyewe walimkuta amekumbatia mti, mkono mmoja umevunjika, na mgongoni amemfunga yule binti kwa kaniki. Mtoto alikuwa mzima.

Wazee wakakaa. Kajiru, mzee wa mfereji, akauliza, "Nakijwa, kwa nini hukuchomoa gogo?"

Nakijwa akautazama mkono wa wifi yake. Akamtazama na binti yake. Akifukuzwa, mtoto atabaki na nani? "Lilikuwa kichwani, mzee," akasema, "halafu likatoka lenyewe. Nilisahau."

Hakuna aliyewahi kusikia jambo kama hilo. Watu wakamwonea huruma, wakampikia uji. Nangasu naye akaja na mkono wake uliofungwa vijiti. "Pole wifi yangu," akasema. "Kumbe ulikuwa mgonjwa na mimi nakusema." Nakijwa akauweka uji chini.

Basi kile alichokisingizia kikaja kuishi naye. Kwanza aliunguza chungu cha maharage. Kisha akapotea njia ya kisimani aliyoipita tangu utotoni. Mpaka asubuhi moja binti yake akamletea maji, naye akafungua kinywa amwite, asipate kitu.

"Mama, niite jina langu," mtoto akasema.

Nakijwa alimshika uso kwa mikono miwili, akalia. Akajua akikaa kimya siku mbili tatu zaidi, hata uso huu hataujua. Siku hiyo wazee walikuwa wanakutana kwenye ndiva. Akaamua kwenda kusema kweli, wamfukuze wakitaka. Lakini je, hata hii kweli si itapotea njiani? Akachukua ncha ya kaniki yake, akaifunga fundo la nguvu, akatoka na mtoto.

Kwenye kona ya kwanza alijua aendako. Kwenye kijito alijua nusu. Alipofika, watu wote wakageuka, na Kajiru akauliza, "Nakijwa, una neno?" Naye akasimama, hajui amefuata nini. Akageuka aondoke. Vidole vikagusa fundo. Akalibana. Akalibana mpaka kucha zikauma.

"Sikusahau," akasema. "Niliona wingu. Nilikumbuka gogo. Nilikaa makusudi."

Desturi ilikuwa kwamba aliyeumizwa ndiye anayesema mtu afukuzwe au abaki. Nangasu akasimama na mkono wake kifuani. Alimtazama wifi yake, na hasira ilikuwa usoni wazi, asiwadanganye mtu. Kisha akamgeukia yule binti.

"Namkunda," akasema, "mshike mama yako mkono. Mpeleke nyumbani."

Nakijwa aliposikia lile jina alipiga kelele kama mtu aliyerudishiwa mtoto kutoka kwenye maji.

Yeye alipona. Lakini lile neno "nilisahau" halikurudi lilikotoka. Wengine walishaonja utamu wake, na kila aliyelisema kwa uongo lilimwingia kweli. Na tangu siku hiyo watu wote husahau, na mwenye jambo zito hufunga fundo kwenye ncha ya nguo yake kabla hajatoka mlangoni.

Sasa nyie wa mbuzi, mimi siwaulizi kama mlisahau au mlipuuza. Hilo mnalijua wenyewe. Nyoosheni tu ncha za nguo zenu hapa, nione nani alifunga fundo.