Yai la Kibarua

Haya, sogeeni karibu. Leo sina nguvu za kuimba wala za kupiga makofi, kwa hiyo nitawapa hadithi ya waliochoka kuliko mimi. Kuianza ni kazi yangu. Kuimaliza mtajijua wenyewe.

Palikuwa na mzinga wa gome, umetundikwa juu ya mti wa mninga kwenye pori la Sikonge. Ndani yake waliishi ndugu watatu, nyuki vibarua: Kalunde, Wande na dada yao mkubwa Nyanzobe. Mama yao alikuwa mmoja, malkia, lakini kila mmoja na baba yake. Malkia akitoka kwenda kuolewa hakutani na dume mmoja, hukutana na wengi, akarudi nyumbani na mbegu za wote. Ndiyo maana nyumba moja ya nyuki ina tabia za koo kumi.

Kalunde alirithi tumbo. Kibarua wa kawaida akitaga hupata dume tu, kwa kuwa hajaolewa. Katika ukoo wa baba yake Kalunde, kibarua huweza kutaga bila mume akapata binti. Mwenyewe hakulijua hilo, maana harufu ya malkia ikiwamo ndani, matumbo ya vibarua karibu wote hulala, na lake pia.

Wande alirithi pua. Alipita sega kwa sega akinusa mayai, na akikuta la kibarua, analila papo hapo. "Sheria ni sheria," ndiyo kauli yake. Hakuwa na marafiki wengi, nanyi mnajua kwa nini.

Nyanzobe alirithi maziwa. Enzi za ujana wake aliwanyonyesha watoto wa nyumba ile mpaka wenzake wakamwonea wivu. Lakini ujana haudumu. Sasa alikuwa mtu wa porini, kubeba chavua, kubeba maji, mbawa zimechanika ncha zote mbili. Kila akitua mlangoni alisema, "Kesho sitoki." Kesho anatoka. Angefanyaje?

Basi akaja mrina asali mmoja, hana subira hata chembe. Akawasha moto mkubwa, akakata sega la asali na la watoto bila kuchagua, wanyonyeshaji vijana wakaungua, malkia akapondwa chini ya kiganja. Alipoteremka mtini, hapakubaki yai wala buu. Jamani! Nyuki wakifiwa na malkia hulea buu mwingine awe malkia. Hawa wangemlea nani? Walikuwa wanangoja kuisha mmoja mmoja.

Nyanzobe alirudi na mzigo wake, akakuta nyumba haina harufu ya mama. Alilia sana. Halafu, sitawaficha, akawaza, "Angalau sasa nitapumzika." Wazo hilo lilimtia aibu, lakini hakuweza kulifukuza.

Harufu ya malkia ilipokwisha, matumbo ya vibarua yakaamka. Mmoja alitaga, mwingine akataga, na wote wakapata madume, wale wa kula na kulala. Kalunde naye akataga. Mwili wake haukuumbwa kwa kazi hiyo, ulimkwaruza ndani, na tangu hapo hakuruka tena sawasawa.

Wande akapita na pua yake. Akainama juu ya yai, akanusa, akanusa tena.

"Hili la nani?"

"Langu," akasema Kalunde. "Ukitaka kula, kula. Sina nguvu za kugombana."

"Linanukia binti."

"Binti? Mimi?"

Hapo wakafika wenzake Wande wa doria, wanusa mayai kama yeye. "Mbona huli? Si la kibarua hilo?"

Wande, ambaye hajawahi kusema uongo tangu azaliwe, akasema, "La mama. Lilisalia." Hawakumwamini. Walimng'ata, wakamvuta, mguu mmoja ukang'oka. Alilikumbatia lile yai kwa miguu iliyobaki mpaka wao ndio wakachoka.

Yai likaanguliwa. Sasa sikilizeni: buu akilishwa chakula cha kila mtu, huwa kibarua. Akilishwa maziwa matupu mpaka siku ya kufungiwa kwenye chumba chake, huwa malkia. Maziwa yako wapi, na wanyonyeshaji wameungua? Wadogo wakamwendea dada.

"Dada, tuna mtoto."

"Nimekauka, wadogo zangu. Hebu nitazameni."

"Tumekutazama. Hatuna mwingine."

Nyanzobe alinuna. Alisema, "Hivi mimi nitakufa lini, niachwe nipumzike?" Kisha akaenda kwenye chavua kuukuu, akala, akala, mpaka maziwa yakarudi. Maziwa ya uzeeni hutoka kwenye nyama ya mwenyewe. Buu alinenepa, na Nyanzobe akabaki gamba.

Akatoka malkia, mzuri huyo! Akaenda kuolewa, akarudi, akaanza kutaga. Nyumba ikanukia mama tena, nyuki wakaimba.

Lakini kiangazi kilikuwa kikali na asali ni kidogo. Nyumba ile ilikuwa na desturi: mama wa malkia hatoki tena porini. Hukaa katikati, penye joto, akalishwa hadi mwisho wake. Nafasi ni moja. Wengine wote watoke porini kutafuta chakula.

Malkia akauliza, "Mama yangu ni yupi?"

"Mimi," akasema Kalunde. "Damu yako ni yangu. Bila mimi ungetoka wapi?"

"Bila mimi ungekuwa umeliwa zamani," akasema Wande. "Mwenzangu ana maneno mazuri. Mimi nina mguu uliong'oka."

Nyanzobe akasema, "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Bila maziwa yangu ungekuwa kibarua kama sisi, na nyumba hii ingekuwa kaburi."

Malkia akawatazama, asiweze kumkanusha hata mmoja. Mlinzi wa mlangoni akapaza sauti: jua limetoka, wasio na nafasi watoke!

Nyanzobe alitazama nje. Kwenda angeweza, kurudi hapana. Alitaka kusema, "Mpeni mdogo wangu," kama impasavyo dada mkubwa kusema. Mdomo ukakataa. "Leo siwezi kumhurumia mtu," akasema. "Naomba nihurumiwe mimi." Kalunde na Wande hawakukasirika. Maneno yale yale yalikuwa vinywani mwao.

Mimi naishia hapo mlangoni. Msiniambie wapokezane zamu, nafasi ni moja, na wawili watakaotoka leo hawatarudi. Je, wewe ungekuwa ndiye huyo binti, ungembakiza nani ndani? Na wale wawili, wakigeuka kukuaga, ungewaambia nini?